Mafungo ya wito kwa watu wazima, Bukavu: yanatoa nini, na yanabakiza nini

Kijana wa miaka 20 akisema mjini Bukavu kwamba anatafuta wito wake, hakosi wa kumsikiliza: kuna mapadri wanaoshughulikia miito, kuna semina za vijana makanisani, kuna wajomba wenye maoni juu ya kitivo gani kina kazi. Mtu wa miaka 52 akisema maneno hayohayo, wanaomsikia hukisia mambo mawili tu: ama mkataba wake umekwisha, ama anakaribia kufungua kanisa uani kwake. Ndiyo maana tangazo lililosomwa katika baadhi ya parokia za Ibanda na Kadutu, likiwaalika watu waliotimiza miaka 45 na kuendelea kwenye mafungo ya kupambanua wito wao katika imani na katika kazi, lilizunguka haraka hata likanifikia mimi nisiye Mkatoliki. Jirani yangu aliniletea karatasi yenyewe, imekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Nilijiandikisha, nikalipa kama wengine, na ninaandika haya kwa ajili ya wanaojiuliza kama huduma hiyo inastahili fedha na muda wao.

Mshiriki anaingia Jumapili jioni na kutoka Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Anapewa chumba cha peke yake chenye kitanda, meza, kiti na ndoo ya maji. Anakula mara tatu kwa siku. Anakaa kimya isipokuwa katika mazungumzo na msindikizaji wake wa kiroho na katika vikao vichache vya pamoja. Bei ni dola 60, chakula na malazi ndani yake, na mwenye barua ya paroko au ya mchungaji wake anaruhusiwa kulipa nusu na kumalizia kidogokidogo. Nyumba iko upande wa ziwa, dakika chache kwa pikipiki kutoka Nyawera. Haina bango barabarani, wenyeji wake hawapendi itangazwe kwa jina, na anayeihitaji ataelekezwa parokiani.

Kwamba vyumba vyote vilijaa si jambo la kushangaza. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID, shirika lake la misaada, ikafunga shughuli zake rasmi. Katikati ya hayo, mwezi wa Februari, mji wetu uliingia chini ya utawala mwingine, wa kundi la M23, na benki zikafunga milango. Bukavu ni mji ambao tangu wakimbizi wa Rwanda wa 1994 sehemu kubwa ya wasomi wake imeishi kwa mikataba ya miradi, mwaka kwa mwaka, na watu walikuwa wamesahau kwamba mkataba una tarehe ya mwisho. Wasimamizi wa miradi, wahasibu, madereva na washauri wa kisaikolojia waliokaribia umri wa kupumzika walijikuta wameketi nyumbani saa nne asubuhi, siku ya kazi, wakitazamana na wajukuu. Hao ndio waliokuwa wengi. Kando yao walikuwapo walimu ambao umri wa kustaafu umewapita lakini wanabaki darasani kwa sababu anayetoka hana uhakika wa kulipwa chochote, wafanyabiashara wa soko la Kadutu, katekista mmoja, mchungaji msaidizi, na sisi wauguzi.

Msingi wa mafungo ni Mazoezi ya Kiroho ya Ignasi wa Loyola, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Kwa ukamilifu wake mazoezi hayo huchukua siku 30 hivi. Hapa yamefupishwa, na inaonekana aliyeyafupisha alijua anachokiacha. Jambo la kwanza ninaloliweka upande wa sifa ni kwamba siku ya kwanza hakuna anayekuuliza unataka kufanya nini. Unapewa daftari la shule na kuambiwa uandike kazi zote ulizowahi kufanya tangu utoto, zenye malipo na zisizo na malipo, na mbele ya kila moja ujibu mambo matatu: ni nani aliyekupa kazi hiyo, ni nini kilichokuondoa, na ni lini ndani yake ulirudi nyumbani umechoka lakini moyo umetulia.

Zoezi hilo linaonekana jepesi mpaka ulifanye. Katika safu yangu ya kwanza niliandika kuuza mikate ya mama yangu, zamu za usiku hospitalini, kutunza fedha za kikundi cha akina mama kanisani, kulea watoto wa dada, mradi wa chanjo, mradi mwingine, mradi mwingine. Ilipofika safu ya aliyenipa kazi, niliona kwamba ni chache sana nilizoziomba mwenyewe. Nyingine zote niliitwa na mtu: daktari aliyekosa wa kukaa usiku, mchungaji aliyehitaji mweka hazina asiyeogopa kuuliza maswali, dada aliyefariki akaacha watoto watatu. Tena zile nilizoziomba kwa barua na vyeti, zenye mshahara wa dola, hazikuwa na mstari hata mmoja katika safu ya tatu. Sisemi kila mtu atapata jibu la namna hiyo. Mfanyabiashara mmoja alisema kinyume kabisa, kwamba furaha zake zote zilikuwa katika mambo aliyoyaanzisha mwenyewe bila kutumwa na mtu. Faida ya zoezi ni kwamba linamnyima mtu nafasi ya kuanza na ndoto. Linamlazimisha aanze na hesabu ya yaliyokwisha kutokea.

Kila siku unakaa na msindikizaji kwa muda wa nusu saa. Wangu alikuwa sista aliyepita miaka 70, mwenye kusikiliza huku macho yake yakiwa kwenye viganja vyake, na ambaye hakuwahi kunipa ushauri ambao sikuuomba. Siku ya pili nilimwambia, "Masere, mimi naona nimechelewa." Akanijibu, "Mama, umechelewa kwa nani?" Nilikaa bila jibu. Hakunisaidia kulitafuta, alinituma chumbani na aya chache za mwisho wa Injili ya Yohana, pale Yesu anapomwambia Petro kwamba alipokuwa kijana alijifunga mwenyewe na kwenda alikotaka, lakini atakapokuwa mzee atanyosha mikono na mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Nimesikia maneno hayo kwenye mazishi mengi. Sikuwahi kuangalia kinachofuata mara moja, yaani kwamba ni baada ya kusema hayo ndipo Yesu anamwambia Petro amfuate. Petro alikwisha kuitwa kando ya ziwa akiwa na nyavu mkononi. Hapa anaitwa tena kwa neno lilelile, safari hii akiwa amekwisha kuambiwa uzee utamfanyia nini.

Uchaguzi wa maandiko ndicho kitu kilichonifanya niyaheshimu mafungo haya. Makanisani kwetu, mtu mzima akitaka kutiwa moyo, anahubiriwa Abrahamu aliyetoka Harani akiwa na miaka 75, au Musa aliyesimama mbele ya Farao akiwa na miaka 80. Ni mifano mizuri, lakini imetumika sana kuwasukuma wazee waanze kitu kipya, na kwa kawaida kitu hicho kipya kinahitaji mchango. Padri aliyeongoza vikao aliiacha yote miwili akamchukua Kalebu, katika sura ya 14 ya kitabu cha Yoshua. Kalebu alikuwa na miaka 40 alipotumwa kuipeleleza nchi. Miaka 45 ikapita, mingi yake jangwani, kwa sababu ya woga wa watu wengine. Akiwa na miaka 85 anasimama mbele ya Yoshua na kuomba mlima ulioahidiwa siku ile. Haombi mlima mwingine. Anaomba uleule, na anajua kwamba una watu wakubwa na miji yenye maboma. Padri alituacha na swali moja kwa siku nzima: je, kuna mlima ulioahidiwa ambao watu wengine, au vita, au mshahara, vilikufanya uuzunguke badala ya kuupanda?

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya mafungo haya na yale makongamano ya kugundua kusudi lako yanayofanyika katika kumbi za hoteli zetu. Nimehudhuria hayo pia. Unalipia kiingilio, unapewa fulana, unaandika maono ya miaka mitano kwa kalamu ya rangi, mnenaji anawaambia wenye miaka 60 kwamba bado ni vijana, na kabla ya cheti kunapitishwa kikapu cha kupanda mbegu. Sidharau furaha inayopatikana pale, maana watu wanatoka wakiimba. Lakini mtu wa miaka 60 si kijana, magoti yake yanajua hivyo, na huduma inayoanza kwa kumwambia uongo huo haiwezi kumsaidia kuchagua. Kwenye nyumba ya mafungo tuliambiwa waziwazi kwamba nguvu zimepungua na miaka iliyobaki ni michache kuliko iliyopita, kisha tukaulizwa ni lipi kati ya tunayobeba linastahili miaka hiyo.

Maisha ya Ignasi mwenyewe yalisimuliwa vizuri, bila ule utamu wa vitabu vya watakatifu. Alizaliwa mwaka 1491, na tarehe 20 Mei 1521 tufe la mzinga lilimvunja mguu katika ngome ya Pamplona. Alipopona aliazimia kuishi Yerusalemu; akafika huko mwaka 1523, na Wafransisko waliosimamia mahali patakatifu wakamwamuru arudi alikotoka. Akiwa na miaka 33 hivi alikaa Barcelona akijifunza Kilatini pamoja na watoto. Upadri aliupata mwaka 1537, Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti, likaidhinishwa mwaka 1540, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 50 hivi, wenzake wakamchagua kuwa mkuu wao, kazi iliyomweka mezani Roma mpaka kifo chake tarehe 31 Julai 1556. Barua zake zinazokaribia 7,000 zimehifadhiwa. Msafiri aliyetaka kutembea kwa miguu katika nchi takatifu alimaliza maisha yake akijibu barua. Wahasibu waliokuwa miongoni mwetu walilipenda jambo hilo kuliko habari za mzinga.

Hata hivyo, mfano uliogusa zaidi haukutoka Hispania. Askofu mkuu wetu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, alizaliwa mwaka 1926 na kupewa upadri mwaka 1958, akiwa padri wa jimbo. Mwaka 1963, akiwa na miaka 37 hivi, mtu ambaye tayari alikuwa na nafasi yake na heshima yake, aliomba kuanza upya kama novisi wa Wajesuiti. Mwaka 1971, utawala wa Mobutu ulipowaingiza wanafunzi wa chuo kikuu jeshini kwa nguvu, yeye aliomba aingizwe pamoja nao. Jinsi alivyouawa tarehe 29 Oktoba 1996 inajulikana na kila mtu mjini, na ukitoka kwenye nyumba ya mafungo kwenda kutafuta pikipiki unafika Nyawera, palepale alipouawa. Lakini padri hakutaka tukae kwenye kifo chake. Alitaka tuangalie mwaka 1963: mtu mzima anayekubali kurudi kuwa mwanafunzi, kupangiwa saa za kulala na za kufagia, si kwa sababu kazi ya kwanza ilimshinda bali kwa sababu ilimwonyesha kitu ambacho haikuweza kumpa.

Katika kikao cha Jumatano niliomba nafasi nikamwongeza wa kwetu, Daktari Denis Mukwege, maana sikutaka ionekane kwamba wito ni mali ya Wakatoliki. Ni mwana wa mchungaji, aliyezaliwa hapa mwaka 1955. Akiwa mtoto alifuatana na baba yake kuwaombea wagonjwa, akaona kwamba baba anaomba lakini hatoi dawa. Alianza akitaka kuwa daktari wa watoto. Katika hospitali ya Lemera aliwaona akina mama wakifa katika uzazi, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Hospitali ya Lemera ilipovamiwa mwaka 1996 alipoteza kila kitu. Hospitali ya Panzi ikaanza mwaka 1999, na kazi aliyodhani itakuwa ya uzazi ikageuka kuwa ya kuwatibu wanawake waliobakwa vitani. Tuzo ya Nobel ya 2018 ilimkuta katika kazi ambayo hakuwahi kuiandika kwenye barua yoyote ya maombi. Padri alinishukuru na kusema kwamba mwaka ujao atamweka kwenye ratiba. Tutaona.

Siku ya Jumatano tulifundishwa kanuni ambayo, kwa maoni yangu, inatosha kulipia nusu ya bei. Ignasi anasema kwamba mtu aliye katika ukiwa, yaani giza la moyo, uvivu wa sala na kukata tamaa, asibadilishe uamuzi alioufanya kabla giza halijamwingia. Mmoja wetu, msimamizi wa mradi uliofungwa mwezi Machi, alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa kiwanja chake cha Panzi ili anunue gari la teksi, na alikuja kwenye mafungo akitaka Mungu atie sahihi. Msindikizaji wake hakumwambia auze wala asiuze. Alimwomba aandike tarehe aliyoamua kuuza, na siku zilizotangulia tarehe hiyo alikuwa analalaje. Yeye mwenyewe alitusimulia hayo Alhamisi jioni, na kwa kuwa aliyasema mbele ya wote naona si siri: alikuwa hajalala usiku mzima hata mara moja tangu apokee barua ya kufungwa kwa mradi. Kiwanja bado kipo.

Alhamisi ndiyo siku ya kuchagua, na hapa kitabu cha Ignasi ni cha vitendo kuliko nilivyotarajia. Kwanza unamfikiria mtu usiyemjua kabisa, ambaye ungependa afanye lililo bora, mwenye shida ileile yako, nawe unajiuliza ungemwambia nini. Kisha unajiweka katika saa ya kufa kwako na kujiuliza ungependa uwe umechagua nini. Mwishowe unachora safu nne kwenye daftari: faida za kulikubali jambo, hasara za kulikubali, faida za kuliacha, hasara za kuliacha. Jirani yangu wa meza ya chakula, mwalimu wa hesabu mwenye miaka 61, alikuwa akijiuliza kama aache ualimu afungue duka la vifaa vya ujenzi. Alizichora safu zake kwa rula, kama ubao wa darasani, na katika kikao cha jioni akaturuhusu tuzione. Hasara zote za kubaki darasani zilihusu fedha: mshahara, ada ya chuo ya mtoto wa mwisho, paa la nyumba. Faida zote za kubaki zilihusu watu, tena aliwaandika kwa majina, wakiwemo watoto wa mtaani kwake ambao huja na madaftari yao baada ya chakula cha usiku, umeme ukiwepo. "Basi wito ninao," alisema, "ninachokosa ni namna ya kuulisha." Hakuna aliyesema neno bora zaidi ya hilo wiki nzima.

Na hapo hasa ndipo huduma hii inapopungukiwa, kwa sababu baada ya kumfikisha mtu kwenye swali hilo haimpi karibu kitu chochote cha kulijibia. Kikao cha fedha kiliwekwa Ijumaa asubuhi, saa moja tu, watu wakiwa wamekwisha kufunga mabegi. Mwezeshaji, kijana mwenye nia njema, alizungumza juu ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana fedha na kupokea kwa zamu, kana kwamba mama wa Kadutu anaweza kufundishwa likelemba, akasoma habari za Paulo aliyeshona mahema Korintho, katika sura ya 18 ya Matendo ya Mitume, akamaliza kwa kutuhimiza tuweke akiba. Akiba ya nini, na benki zimefungwa? Mfano wa Paulo ni mzuri mno kupitwa kwa haraka hivyo. Paulo hakuacha wito ili ashone, wala hakuona haya kushona ili wito uendelee, na mwalimu wetu wa hesabu angefaidika sana kama tungekaa hapo saa tatu na kalamu mkononi, tukipiga hesabu ya duka dogo linaloweza kuendeshwa na mke na mtoto huku yeye akibaki shuleni. Waliofanya kazi miaka mingi katika mashirika na makampuni walitaka kujua jinsi ya kuhakikisha kwamba michango yao ya uzeeni iliandikwa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambayo wengi wetu bado tunaiita INSS. Hakuna aliyeweza kuwaelekeza hata ofisi ya kuanzia. Si kazi ya nyumba ya sala kulipa pensheni. Lakini ukitangaza mafungo ya imani na kazi, kazi nayo idai siku yake.

Upungufu wa pili ni wa wanawake. Tulikuwa wachache, na si kwa sababu wanawake wa miaka 50 hawana swali la wito. Ni nani atakayemwacha mama mkwe mgonjwa, wajukuu watatu na meza ya biashara kuanzia Jumapili mpaka Ijumaa? Mama mmoja alikuja na simu iliyofichwa chini ya mto, akapigiwa usiku kuulizwa unga uko wapi, na asubuhi akaomba msamaha kwa wote ingawa hakuna aliyemlaumu. Ajabu ni kwamba Ignasi mwenyewe aliliona jambo hili. Katika utangulizi wa kitabu chake, kifungu cha 19, anaeleza jinsi mtu aliyebanwa na shughuli anavyoweza kuyafanya mazoezi yaleyale akiwa nyumbani kwake, kwa kutenga saa moja na nusu kwa siku na kusindikizwa kwa muda mrefu zaidi. Nilimuuliza sista kwa nini nyumba haitoi njia hiyo. Alisema wasindikizaji hawatoshi, na nadhani ni kweli. Hata hivyo kikundi kimoja cha akina mama wa Kadutu, kikikutana na msindikizaji mmoja kila Jumamosi alasiri, hakingegharimu hata kitanda kimoja.

Kwa Waprotestanti wenzangu watakaouliza: hapana, hutalazimishwa. Misa huadhimishwa kila siku na unaweza kubaki chumbani bila kuulizwa. Rozari husaliwa bustanini na anayetaka. Komunyo hatupewi, na tuliambiwa hivyo mapema kwa upole, jambo ambalo ni afadhali kuliko kugundua ukiwa kwenye mstari. Bawabu alinisalimu "Tumsifu Yesu Kristu" kila asubuhi, nami nikamjibu "Bwana asifiwe", na tukaachana kwa amani. Kilichonitatiza kidogo ni kimya chenyewe. Sisi tumezoea kuomba kwa sauti, na usiku wa kwanza nilihisi kana kwamba nimefungiwa; kufikia Jumanne jioni nilikuwa naudhika mtu akigonga kijiko.

Chakula ni kizuri kwa bei hiyo: uji asubuhi, bugali na sombe au maharagi mchana, sambaza mara mbili katika wiki, ndizi, chai isiyokoma. Maji ya moto huletwa ukiomba. Vyumba ni safi, ila tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari na upepo wa ziwa hauna huruma usiku, na blanketi moja wanalotoa halimtoshi mtu aliyepita miaka 50. Umeme hukatika, taa za jua zinashika mpaka saa nne hivi usiku. Jumatano usiku chumba cha maombi cha jirani kilifungulia vipaza sauti vyake mpaka karibu alfajiri, na padri alituambia bila kucheka kwamba hao nao wanatafuta wito wao.

Je, ningempendekezea mtu? Anayetafuta kazi asiende. Atarudi na daftari lililojaa na mfuko uleule, na atakuwa na haki ya kunung'unika. Aliyefiwa karibuni au aliye na deni linalomkimbiza angoje kwanza, kwa sababu kimya cha siku tano kinaweza kumwelemea, na kanuni ya ukiwa niliyoieleza inamhusu yeye kabla ya wengine. Lakini mtu aliye na kazi au aliyeipoteza, mwenye chakula cha mwezi ndani ya nyumba, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiitwa na huyu na yule mpaka hajui tena sauti ipi ni ipi, sioni mahali pengine mjini ambapo atasikilizwa hivyo kwa dola 60. Wanandoa nao ningewashauri waende katika vipindi tofauti, kwanza mmoja, kisha mwingine, ili nyumba isibaki bila mtu na ili kila mmoja achore safu zake bila kuchungulia za mwenzake.

Kipindi kijacho ni cha Kwaresima, kingine cha kiangazi, Julai. Kujiandikisha ni kwa kupeleka jina parokiani pamoja na robo ya fedha, na hairudishwi usipokuja. Chukua sweta nzito, tochi, dawa zako zote na kalamu ya akiba. Vyumba vinavyotazama ziwa huchukuliwa kwanza. Anayesumbuliwa na viungo aombe vile vya upande wa barabara, vina kelele za pikipiki lakini havina baridi.